Bwana McMillan na Maktaba ya Nairobi

Wengi wetu tunaovuka Namanga kwenda Nairobi kufuata mzigo tumepita karibu na Msikiti wa Jamia bila kuliangalia sana jengo lililo jirani yake. Lina nguzo ndefu mbele, ngazi pana, na sanamu za simba. Ni Maktaba ya McMillan. Kwa kuwa mwaka huu tunachangia chumba cha kusomea cha Daraja Mbili, tumeona ukurasa huu tumpe mtu aliyeliachia jengo lile jina lake, ingawa hakuwa wa kwetu na mengine aliyoyaacha hatuyasifu.

William Northrup McMillan alizaliwa mwaka 1872 huko St. Louis, Marekani. Utajiri aliukuta nyumbani, maana baba yake alikuwa na kiwanda cha mabehewa ya reli. Mwaka 1894 alimwoa Lucie Webber. Mwaka 1903 aligharamia safari ya kuteremka Mto Nile ya Buluu kwa mashua kutoka Ethiopia. Mashua zikavunjikia kwenye maporomoko, fedha zikaenda na maji. Mtu mwingine angerudi kwao. Yeye akaja Kenya, akajipatia ardhi kubwa Juja na upande wa mlima Ol Donyo Sabuk, ule ambao wenyeji wengi huuita Kilimambogo. Juja ndiko alikompokea Theodore Roosevelt mwaka 1909, wiki chache tu baada ya Roosevelt kuacha urais wa Marekani na kuja huku kuwinda.

Alikuwa mtu mnene kupita kiasi, na habari za mkanda wake zinasimuliwa mpaka leo. Katika Vita Kuu ya Kwanza alitumikia jeshi la Waingereza, na nyumba yake ya Chiromo, Nairobi, akaitoa itumike kuwauguza maofisa. Akapewa cheo cha Sir. Alikaa pia katika Baraza la Kutunga Sheria la koloni, akiwatetea walowezi wenzake. Alifariki Machi 1925 akiwa safarini Ulaya. Alikuwa ametaka azikwe juu ya Ol Donyo Sabuk, lakini gari lililobeba jeneza halikuweza kufika kileleni, akazikwa njiani, kwenye bega la mlima. Kaburi lipo, na leo mahali pale ni hifadhi ya taifa.

Maktaba ilijengwa na mjane wake. Lady Lucie alitaka mume wake akumbukwe, na msaada mwingine ukatoka kwa Shirika la Carnegie la Marekani. Jengo likafunguliwa mwaka 1931. Mwaka 1938 likatungiwa sheria yake lenyewe, jambo ambalo majengo machache sana yamelipata.

Hapa ndipo panapotuuma. Jengo lile zuri, lililosimama katikati ya mji ambao Waafrika ndio waliobeba mawe na mizigo yake, Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Lilikuwa la Wazungu peke yao hadi mwaka 1958. Mtoto aliyezaliwa siku lilipofunguliwa alitimiza miaka 27 akiwa bado nje ya ule mlango. Lady Lucie mwenyewe alifariki mwaka 1957, akazikwa karibu na mumewe, hakuuona mwaka ule wa mabadiliko. Mwaka 1962 maktaba ikakabidhiwa kwa Halmashauri ya Jiji la Nairobi.

Halafu likaja tatizo la pili, ambalo sisi tunaoshika daftari za hesabu tunalijua vizuri. Mlango ulikuwa wazi kwa wote, lakini fedha za kila mwaka zilipungua. Paa, rafu, nyaya za umeme, vitabu vipya, mishahara: hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinacholipwa na jiwe la msingi. Kwa miaka mingi jengo lilichakaa, pamoja na matawi yake ya Makadara na Kaloleni (Kaloleni ya Nairobi, si hii ya kwetu). Mwaka 2017 wanawake wawili Wakenya, Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, walianzisha taasisi ya Book Bunk, wakashirikiana na serikali ya jiji kuyakarabati. Walianza na yale matawi madogo ya mitaani, jengo lenye simba likasubiri. Tunadhani walifanya sawa.

Andrew Carnegie, tajiri wa chuma aliyelianzisha lile shirika, alikuwa na utaratibu wake alipokuwa hai. Mji ukimwomba maktaba, kwanza utoe kiwanja, kisha uahidi kutenga kila mwaka asilimia 10 ya fedha alizotoa, kwa ajili ya uendeshaji. Mji usiokubali haukupata kitu. Mtu anaweza kumwona bahili. Lakini piga hesabu: jengo la shilingi milioni 100 linataka milioni 10 kila mwaka, mwaka wa mvua na mwaka wa ukame, wenyekiti wakibadilika na wafadhili wakichoka.

Maktaba ya Mkoa iko mjini, na watoto wetu wanaitumia wanapoweza. Jioni, vyumba vya kupanga vya Daraja Mbili havina meza, na redio ya jirani haizimwi. Chumba tunachokitaka ni kidogo, hakitakuwa na nguzo wala simba. Hakitakuwa pia na ada ya mlangoni, na hilo kamati imelikubali bila kupiga kura.

Fomu ya ahadi iliyo nyuma ya kijarida hiki ina safu mbili. Ya kwanza ni ya ujenzi. Ya pili ni ya kila mwaka: mlinzi, umeme, viti vilivyovunjika, vitabu vya kiada mtaala unapobadilika. Tunawaomba ndugu zetu, walio Arusha na walio mbali, mjaze safu ya pili kwanza, hata kama ni shilingi elfu tano.