Albert Howard na Mizizi ya Miti

Huku Mbugani, Kyela, mvua za masika zikizidi, mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo hujaa na maji yake hutanda mashambani. Mpunga huyapenda maji hayo. Lakini mkakao ukisimama majini siku nyingi, majani yake hugeuka manjano, nao huweza kufa. Je, mti uliozungukwa na maji na tope lenye rutuba hukosa nini? Mtu mmoja aliyelichunguza jambo hili kwa miaka mingi aliitwa Albert Howard.

Howard alizaliwa Uingereza mwaka 1873. Baba yake alikuwa mkulima. Alisoma sayansi London na Cambridge, na mwaka 1899 alikwenda visiwa vya West Indies kuchunguza magonjwa ya mimea. Huko hakuridhika. Alikaa ndani akitazama kuvu kwa hadubini, wala hakuwa na shamba lake mwenyewe la kujaribia yale aliyowashauri wakulima. Mwalimu yeyote aliyewahi kufundisha kilimo kwa chaki na ubao tu ataielewa aibu yake.

Mwaka 1905 alihamia Pusa, India, pamoja na mkewe Gabrielle, ambaye pia alikuwa mtaalamu wa mimea. Si haki kumtaja mume peke yake, kwa maana kazi nyingi waliifanya pamoja. Safari hii Howard alipewa shamba. Alianza kwa kuwatazama wakulima wa jirani, ambao hawakuwa na dawa za kuua wadudu, na hata hivyo mazao yao yalikuwa na afya. Akawafanya hao kuwa walimu wake.

Katika shamba hilo walipanda miti ya matunda ya aina 8, kama vile miembe, mipera, midimu na mitopetope. Miti iliposhika vizuri, waliigawa katika sehemu 3. Sehemu ya kwanza ililimwa ikawa safi. Ya pili iliachwa iote nyasi. Ya tatu iliota nyasi pia, lakini katikati ya miti ilichimbwa mitaro yenye kina cha sentimeta 60 hivi, ikajazwa vipande vya matofali ili hewa ipenye chini.

Miti iliyosongwa na nyasi ilidhoofika. Majani yake yakawa madogo na ya manjano, na baadhi ya miti ikafa. Watu wengi wangesema kwamba nyasi ziliiba chakula na maji. Lakini miti ya sehemu ya tatu, penye nyasi zile zile, ilikuwa na hali bora. Mitaro ile haikuongeza mbolea yoyote, iliongeza hewa. Mizizi hupumua kama sisi: hutumia oksijeni na kutoa gesi ya kabonidayoksaidi. Gesi hiyo ikizidi katika udongo, mizizi hukosa pumzi, na mti hushindwa kula hata kama chakula kipo.

Howard hakutosheka na kukisia. Aliosha udongo kwa maji, polepole, mpaka mizizi ikabaki wazi bila kukatika. Mizizi ya baadhi ya miti ilikuwa imeshuka zaidi ya meta 3. Wakati wa kiangazi mizizi ya chini ndiyo iliyofanya kazi kwa kutafuta maji. Mvua zilipopandisha maji ya ardhini, vijizizi vyembamba vilikimbilia juu kutafuta hewa. Hapo ndipo lilipo jibu la mkakao wetu unaokufa majini.

Mwaka 1924 Howard alihamia Indore, pia huko India. Wanyakyusa wamezoea kuweka samadi kwenye migomba. Howard naye aliitumia samadi, lakini aliichanganya kwanza na majani, mabua, majivu na udongo kidogo. Lundo hilo lilitiwa maji na kugeuzwa mara kadhaa, na baada ya miezi 3 hivi lilikuwa mboji nyeusi. Mboji huufanya udongo uwe tifutifu, hewa ikapita, na hulisha viumbe vidogo pamoja na nyuzi za kuvu zinazoungana na mizizi na kuipelekea chakula.

Gabrielle alifariki mwaka 1930. Mwaka uliofuata Howard aliondoka India, lakini njia yake ilisambaa. Mwezi wa Februari 1933 ilianza kutumika katika shamba la kahawa la Kingatori, Kenya.

Katika uzee wake Howard alizipinga vikali mbolea za viwandani. Wanasayansi wengi hawakukubaliana naye, na katika jambo hilo alizidisha: leo mabwana shamba wengi hushauri zote mbili, kwa kipimo. Alifariki mwaka 1947.

Nendeni pamoja na mwalimu chini ya mwembe au mkakao, hatua 2 kutoka shinani. Ondoeni majani makavu, kisha mchimbe polepole kwa kijiti. Vijizizi vyembamba vinaanzia sentimeta ngapi? Pimeni tena mahali penye udongo uliokanyagwa na ng'ombe, mlinganishe.