Otto Wichterle: Jeli, dainamo ya baiskeli na meza ya jikoni

Umekula mrenda wa Kanduyi? Ule utelezi wake ni maji yaliyonaswa na nyuzi ndogo mno ambazo macho hayawezi kuona. Jamaa mmoja wa Chekoslovakia, Otto Wichterle, alitumia miaka mingi kutengeneza kitu cha namna hiyo kwa kemikali: jeli laini inayobeba maji bila kuyeyuka.

Alizaliwa 1913 mjini Prostějov. Mwaka 1958 siasa zilimng'oa chuoni alikokuwa akifundisha. Usinielewe vibaya, alikuwa profesa tayari, si mtu wa kukatiza masomo kama mimi. Akahamia taasisi nyingine, na 1960 yeye na mwenzake Drahoslav Lím wakachapisha habari za jeli yao katika jarida la Nature. Ndoto yake ilikuwa lenzi laini za kuvaa juu ya mboni ya jicho. Lakini wakubwa wakasimamisha utafiti huo.

Basi akaendelea nyumbani. Krismasi ya 1961, mezani jikoni, alichukua vyuma vya kuchezea watoto viitwavyo Merkur na dainamo ya baiskeli ya mwanawe, ile ile unayoiona kwenye baiskeli kuukuu za hapa Bungoma. Akaunda kimashine cha kuzungusha kikombe kidogo chenye kemikali majimaji. Kikizunguka, majimaji yanajisambaza yenyewe na kuganda yakiwa na umbo la lenzi. Zikatoka nne, na zikakaa vizuri jichoni. Mkewe Linda, daktari, akashika kazi pia, na katika miezi minne ya kwanza ya 1962 walitoa lenzi 5,500!

Pesa je? Serikali iliuza haki hizo Marekani, kampuni ya Bausch & Lomb ikaanza kuuza lenzi 1971, na mwenyewe akaambulia kidogo tu. Hapo ndipo mimi huudhika. Wakati huo alikuwa ameshavuliwa ukurugenzi wa taasisi, kwa sababu ya siasa tena. Alifariki 1998, akiwa na miaka 84.

Lenzi haifai kuyeyuka jichoni. Leo watafiti wa jeli wanatafuta kinyume chake: jeli ya kubeba seli shina hadi kwenye kidonda, izishikilie hapo, kisha ivunjike polepole. Ikivunjika mapema, seli zinasombwa. Ikichelewa, nyama mpya inakosa pa kuota. Kwa hiyo wanaziwekea nyuzi zake viungo dhaifu, vinavyokatwa na maji au vimeng'enya vya mwili wenyewe.