Horner, daktari aliyelifuata jicho mpaka shingoni

Ukiona kope moja la mtoto mchanga limeshuka, usikubali haraka kwamba amelilalia. Wiki hii fahamu maisha ya daktari aliyeonyesha kuwa jicho la namna hiyo linaweza kuwa na habari za shingo na kifua.

Johann Friedrich Horner alizaliwa Zürich, Uswisi, mwaka 1831. Alihitimu udaktari hukohuko mwaka 1854, akaongeza ujuzi wa macho Berlin na Paris, kisha akarudi kwao kutibu na kufundisha. Mwaka 1869 aliandika habari za mama mkulima wa miaka 40, ambaye kope lake la kulia lilianza kushuka wiki sita baada ya kujifungua. Horner hakuishia kwenye kope. Aliona mboni, kile kiduara cheusi cha katikati ya jicho, ni ndogo kuliko ya pili. Akapima joto la pande zote mbili za uso, akakuta zinatofautiana. Akatambua kwamba walioathirika ni mishipa ya fahamu inayopita shingoni. Claude Bernard wa Ufaransa alikwishaona dalili hizo kwa wanyama, lakini ugonjwa ukabaki na jina la Horner. Alifariki mwaka 1886 akiwa na miaka 55.

Mishipa hiyo hutoka ubongoni, hushuka hadi kifuani, kisha hupanda shingoni kuelekea jichoni. Kwa mtoto inaweza kuumia mabega yanapokwama wakati wa kuzaliwa na shingo ikavutwa. Hapo mkono wa upande huohuo nao huweza kulegea. Upasuaji wa shingo au kifua ni chanzo kingine, na kwa baadhi ya watoto chanzo hakionekani. Wachache huwa na uvimbe wa saratani uitwao nyuroblastoma, unaokandamiza mishipa hiyo. Huo ndio unaotukataza kusubiri.

Mzazi wa Soweto, jijini Mbeya, mtazame mwanao kwenye mwanga hafifu. Mboni ya jicho lenye tatizo haipanuki kama ya pili. Ukiona hivyo na kope limeshuka, au upande mmoja wa uso hautoi jasho, usimwekee dawa yoyote jichoni. Mpeleke kituo cha afya, uulizie rufaa ya Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, na ueleze alivyozaliwa. Mwombe daktari ampime shingo, kifua na tumbo, siyo jicho peke yake.