MAISHA YA BWANA MAGNUS, ALIYEELEZA KWA NINI MPIRA HUPINDA

Katika kurasa za gazeti la shule tumezoea kusoma habari za wafalme, za majemadari na za viongozi waliopigania uhuru. Safari hii naomba ruhusa yenu niandike habari za mtu ambaye hakuvaa taji wala kushika upanga. Alikuwa mwalimu. Jina lake ni Heinrich Gustav Magnus, na kila asomaye Fizikia hulikuta jina hilo mahali panapoelezwa jinsi mpira uzungukao unavyopinda hewani. Nimemchagua kwa sababu huku kwetu Nachingwea, na kwa jirani zetu wa Ruangwa, mpira wa miguu ni jambo kubwa. Tangu timu ya Namungo ya Ruangwa ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2019, hata bibi zetu wanaujua uwanja wa Majaliwa. Lakini maneno yasemwayo juu ya mpira ni mengi kuliko magoli yenyewe, na mengine yanaumiza watu, kama nitakavyoeleza.

Bwana Magnus alizaliwa katika mji wa Berlin, nchi ya Ujerumani, tarehe 2 Mei, 1802. Baba yake alikuwa mfanyabiashara tajiri, na mmoja wa ndugu zake, Eduard, akawa mchoraji mashuhuri wa sura za watu. Kijana Gustav angeweza kukaa tu na kula mali ya baba yake, lakini hakufanya hivyo. Aliingia Chuo Kikuu cha Berlin akasoma Kemia na Fizikia, na mwaka 1827 akapata shahada ya udaktari kwa uchunguzi wake juu ya elementi iitwayo teluri. Baadaye alisafiri mpaka Stockholm, Uswidi, akafanya kazi chini ya Berzelius, ambaye zama zile alihesabiwa miongoni mwa wanakemia wakubwa kabisa duniani. Kutoka huko alikwenda Paris, Ufaransa, kujifunza kwa mabingwa wengine. Aliporudi kwao alianza kufundisha katika chuo kile kile alichosoma. Hiyo ilikuwa mwaka 1831, na mwaka 1845 akawa profesa kamili.

Kazi zake hazikuwa za aina moja. Katika Kemia aligundua chumvi ya rangi ya kijani yenye platini, ambayo hata leo huitwa chumvi ya kijani ya Magnus. Mwaka 1837 aliichunguza damu, akaonyesha kwamba damu itokayo moyoni na damu irudiyo moyoni zote mbili zina oksijeni na kaboni dayoksaidi ndani yake, ila kwa viwango tofauti. Sisi tunaosoma Baiolojia twaliona jambo hili kuwa jepesi, kwa kuwa limeandikwa kitabuni. Siku zile lilikuwa na ubishi mwingi, na hapana budi mtu mmoja alipime ndipo ubishi upungue.

Jambo linalonipendeza zaidi katika maisha yake ni jinsi alivyoitumia nyumba yake. Chuo hakikuwa na maabara ya Fizikia ya kutosha wanafunzi. Bwana Magnus alinunua vyombo kwa fedha zake mwenyewe, akaviweka nyumbani kwake kando ya mto, akawaruhusu vijana waje kufanya majaribio. Tangu mwaka 1843 aliwakusanya pia hapo kwake kuzungumza juu ya vitabu na uvumbuzi mpya. Baadhi ya vijana wa mkutano ule walianzisha chama cha wanafizikia mwaka 1845, ambacho ndicho chimbuko la chama cha wanafizikia wa Ujerumani wa leo. Helmholtz, ambaye tunamsoma katika habari za nishati, alifanya kazi katika maabara ile. Nyumba yenyewe bado ipo Berlin, nayo huitwa Nyumba ya Magnus. Sisi ambao darasa zima huzunguka meza moja kutazama chombo kimoja, twajua thamani ya mtu afunguaye mlango wake namna hiyo.

Sasa nije kwenye mpira. Kwa kweli Bwana Magnus hakuanza na mpira wa miguu, bali na risasi za mizinga. Wakati ule risasi zilikuwa za mviringo kama chungwa, na wapiga mizinga waliona kwamba hazifuati njia iliyonyooka. Mara huenda kulia, mara kushoto, hata siku isiyo na upepo. Mwingereza Benjamin Robins alikwisha kusema katika mwaka 1742 kwamba sababu ni kuzunguka kwa risasi. Alipinda mtutu wa bunduki kuelekea kushoto, akapiga kupitia karatasi alizozitundika, akaona kwamba risasi ilianza kwenda kushoto kisha ikarudi ikapinda kulia. Lakini wakubwa wa elimu, hata Euler aliyekuwa bingwa wa Hesabu, hawakuukubali usemi wake. Walidhani kosa lilikuwa katika umbo la risasi.

Bwana Magnus hakuingia katika ubishi kwa maneno. Alitengeneza chombo kidogo. Alichukua mcheduara, akauweka kwenye mkono uwezao kugeuka, akauzungusha, kisha akaupulizia upepo kwa feni. Kando yake aliweka vibendera vyepesi vya kuonyesha mwendo wa hewa. Mcheduara ulipokuwa umetulia, haukusogea upande wowote. Ulipozunguka, mkono uligeuka, na mcheduara ukasogea kuelekea ule upande ambao uso wake ulikuwa ukienda pamoja na upepo. Vibendera navyo vilionyesha kwamba hewa ya pande mbili haikuwa na hali moja. Habari hizi alizitoa mwaka 1852, na tangu hapo jambo hili likaitwa kwa jina lake.

Maana yake ni rahisi kuishika. Mpira unapozunguka huiburuta hewa iliyo karibu na ngozi yake. Upande mmoja hewa hiyo huenda pamoja na upepo unaoupiga mpira, na upande wa pili hushindana nao. Kwa hiyo mpira huisukuma hewa iliyo nyuma yake kwenda upande mmoja, nayo hewa huusukuma mpira kwenda upande wa pili, kama kanuni ya tatu ya Newton inavyotufundisha. Mjerumani mwingine, Prandtl, alikuja kueleza mwaka 1904 habari za tabaka jembamba la hewa lishikamanalo na uso wa kitu, na hapo jambo likaeleweka vizuri zaidi. Kwa mchezaji kanuni ni hii: ukiupiga mpira upande wake wa kulia, utapinda kwenda kushoto, ukiupiga upande wa kushoto, utapinda kwenda kulia.

Hebu sasa tuzipime imani zetu. Imani ya kwanza ni kwamba mpira haupindi ila kwa upepo au kwa dawa. Wamarekani nao walikuwa na ubishi kama huu katika mchezo wao wa besiboli, ambamo mtu mmoja hurusha kipira kidogo na mwingine hukipiga kwa gongo. Wengine walisema kipira hupinda, wengine walisema ni macho tu yanayodanganyika. Mwanafizikia Lyman Briggs alikipima, na mwaka 1959 akatangaza kwamba hupinda kweli, hata kufikia inchi 17 na nusu katika safari ya futi 60. Imani ya pili ni kwamba mpira mwepesi haupindi vizuri. Kinyume chake ndio kweli. Mipira miwili ikilingana kwa ukubwa, kwa uso, kwa mwendo na kwa mzunguko, ule mwepesi hupinda zaidi, maana kani ni ile ile na tungamo ni dogo. Imani ya tatu ni kwamba mpira uliopigwa bila kuzunguka, ukaenda ukiyumba, umetupiwa kitu. La, huyumba kwa sababu hewa iliyo nyuma yake huachana nao bila mpango, mara upande huu, mara upande ule.

Imani ya nne ndiyo iliyonifanya niandike. Watu husema mpira huenda sawasawa, kisha ghafla hukata kona mwishoni, na kwamba hilo si jambo la kawaida. Mwaka huu timu yetu ilicheza na shule moja ya upande wa Ruangwa. Dakika za mwisho walipata kona upande wa kulia wao, nayo ikapigwa na kijana atumiaye mguu wa kushoto. Golikipa wetu alitoka kuudaka mpira mbele yake. Mpira ukampita mgongoni, ukaingia golini bila kuguswa na mtu. Tulifungwa bao 1 kwa 0. Jioni ile ile maneno yakaanza bwenini. Wengine walisema wenzetu walifukia dawa golini. Wengine, na hao ndio walioumiza zaidi, walisema golikipa alipewa fedha. Kwa muda wa wiki mbili alikula peke yake mwisho wa meza, na jezi yake akairudisha kwa mwalimu wa michezo.

Tuliangalie jambo hili kwa fomula tuliyofundishwa. Kitu kisukumwacho kwa kani isiyobadilika husogea kwa kadiri ya wakati mara wakati. Tuseme mpira umesogea pembeni nusu mita katika sekunde ya kwanza. Mwisho wa sekunde ya pili hautakuwa umesogea mita 1, bali mita 2. Yaani katika nusu ya kwanza ya safari umepinda robo tu, na robo tatu zote zimebaki kwa nusu ya mwisho. Mpira haukubadili tabia yake njiani. Ulikuwa ukipinda tangu ulipoachana na mguu. Lakini golikipa hana budi kuamua mapema, wakati macho yake yameona ile robo peke yake. Waliokuwa wakitazama mwaka 1997 Roberto Carlos wa Brazili alipoifunga Ufaransa kwa mkwaju wa mbali watakumbuka kwamba golikipa wa Ufaransa, Barthez, alisimama tu akiangalia. Hakuna aliyesema Barthez amepewa fedha.

Mimi na wenzangu wawili tuliomba ruhusa kwa mwalimu wa Fizikia tuonyeshe jaribio mbele ya darasa. Halihitaji fedha. Twaa karatasi moja ya daftari, uikunje iwe mcheduara mwepesi, uigandishe kwa gundi. Inamisha ubao kwa kuweka vitabu chini ya upande mmoja, na mwisho wake uwe sawa na ukingo wa meza. Kwanza viringisha betri ya redio. Itaanguka mbele ya meza, kama kila mtu atazamiavyo. Kisha viringisha ule mcheduara wa karatasi. Ukishatoka mezani, utapinda na kurudi nyuma, chini ya meza. Darasa lilinyamaza. Tukarudia mara kumi, na wengine wakaja kufanya kwa mikono yao wenyewe, hata wale waliosema habari za fedha. Wapo waliokwenda kumwomba golikipa radhi siku ile, na wapo ambao hadi leo hawajakwenda. Yeye ameichukua tena jezi yake.

Nchi yetu hii ya Nachingwea inajua hasara ya kuamini kabla ya kupima. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi mkubwa wa karanga Kongwa, Urambo na hapa Nachingwea. Walileta matrekta na wakajenga reli kutoka pwani, lakini hawakujaribu kwanza vya kutosha udongo na mvua katika mashamba madogo. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, baada ya kuteketeza mamilioni ya pauni, na reli nayo baadaye iling'olewa. Bwana Magnus alijaribu kwa mcheduara mdogo na feni juu ya meza, ndipo akasema habari za mizinga. Udogo wa jaribio si aibu.

Bwana Magnus alifariki Berlin tarehe 4 Aprili, 1870, akiwa na umri wa miaka 67. Besiboli ilikuwa bado changa, na mpira wa miguu ulikuwa ndio kwanza umeandikiwa sheria zake Uingereza, mwaka 1863. Nadhani hakujua kwamba jina lake litatajwa na watoto wa shule kwa ajili ya kona na mikwaju. Alipima alichotaka kukijua, akawafungulia wengine mlango wapime pia, basi.

Ndugu zangu wanafunzi, msimu wa mashindano uko karibu, na jirani zetu wa Ruangwa watakuja kwetu safari hii. Kijana wao wa mguu wa kushoto bila shaka atakuja. Nawaomba walinzi wetu mmoja asimame kwenye nguzo ya mbali kila wanapopata kona, na sisi watazamaji tulioko pembeni tuchunge ndimi zetu. Nawatakieni nyote likizo njema.