Sayyidna Umar bin Abdilaziz na Mzigo Alioukhofu

Watu wema waliotangulia tukiwataja katika darsa, mara nyingi twadhani walizaliwa na ushujaa wao kama mtu azaliwavyo na sura yake. Habari za Sayyidna Umar bin Abdilaziz, khalifa wa nane wa Bani Umayya, zatuonyesha mambo mengine. Bwana huyu alipopewa ukhalifa hakujiona kuwa aufaa, na alikuwa na sababu.

Mamake ni Ummu Asim, binti wa Asim bin Umar bin Khattab. Imepokewa ya kuwa Sayyidna Umar bin Khattab usiku mmoja akizunguka Madina alimsikia mama mmoja akimwamrisha bintiye atie maji katika maziwa ya kuuza. Binti akakataa, kwa kuwa Khalifa amekataza. Mama akamwambia Khalifa hayuko hapo hata awaone. Binti akajibu ya kuwa ikiwa Khalifa hawaoni, Mola wa Khalifa awaona. Sayyidna Umar akamwoza mwanawe Asim binti huyo, na yeye ndiye nyanya yake bwana tunayemzungumza, mzaa mama.

Babake, Abdulaziz bin Marwan, alikuwa liwali wa Misri, akampeleka Madina kusoma kwa wanavyuoni wake. Siku moja kijana alichelewa kusali kwa ajili ya kuchanwa nywele. Mwalimu wake, Salih bin Kaisan, akamwandikia babake, na amri ikaja kutoka Misri anyolewe kichwa. Hata hivyo alikua akipenda nguo za thamani na manukato, na vijana wakiiga mwendo wake.

Mwaka 87 Hijriya (706) Khalifa Walid alimfanya liwali wa Madina. Akawakusanya wanavyuoni kumi wa mji, akawaahidi kuwa hatakata neno bila ya shauri lao. Ulikuwa uliwali mwema, ila kwa jambo moja. Walid alimwamrisha ampige mijeledi Khubaib bin Abdillahi bin Zubeir, naye akatii. Khubaib akafa. Tangu siku hiyo, kila aliposifiwa au kubashiriwa kheri, humtaja Khubaib. Jambo hili wengi hulipita upesi wanapozisimulia sifa zake. Sisi twaona haifai, kwani asiyelijua hatafahamu kwa nini alitetemeka siku ya Dabiq.

Dabiq ni mji wa upande wa Halab, nchi ya Sham. Huko Khalifa Sulaiman aliugua mwaka 99 (717), akaandika wasia, akautia muhuri kwa shauri la mwanachuoni Rajaa bin Haiwa, na watu wakaubai bila ya kujua ndani mna jina la nani. Sulaiman alipokufa, barua ikasomwa msikitini. Wengine walikasirika kwa kuwa hawakutajwa. Umar alisikitika kwa kuwa ametajwa. Miguu ilimwishia nguvu, hata ikabidi ashikwe mikono apandishwe mimbari. Akawaeleza watu kuwa ametwikwa jambo hili bila ya kutakwa shauri, na kwamba awavua bai'a iliyo shingoni mwao. Wakapiga kelele kwamba wamemridhia yeye.

Huenda msomaji akasema huu ni unyonge. Miji yetu haikosi mtu akimbiliaye kiti asichokiweza, wala haikosi mwenye ilimu ajifichaye nyumbani akisema yeye si wa kufaa, na huku mambo ya Waislamu yaharibika. Umar hakuwa katika hao wawili. Aliukhofu mzigo, kisha akauchukua.

Aliletewa farasi wa kifalme, akawarudisha, akataka nyumbu wake mwenyewe. Baada ya mazishi alikuwa amechoka, akataka kulala kidogo. Mwanawe Abdulmalik, kijana bado, akamwuliza kama atalala kabla ya kurudisha haki za watu waliodhulumiwa. Baba akajibu kuwa atayafanya baada ya adhuhuri. Mwana akamwuliza ni nani aliyemdhamini kuishi mpaka adhuhuri. Umar akamwita karibu, akambusu, akamshukuru Mola aliyempa mtoto wa kumsaidia katika dini yake, akatoka pale pale bila ya kulala.

Akaanza na mali yake mwenyewe na ya jamaa zake. Mkewe Fatima, binti wa khalifa na dada wa makhalifa, akayatoa mapambo yake yakatiwa Baitul Mal. Akakataza Sayyidna Ali kulaaniwa juu ya mimbari, desturi mbaya ya jamaa zake mwenyewe. Akawaondolea jizya waliosilimu, na liwali alipokhofu upungufu wa kodi hakumsikiliza. Akalirudisha jeshi lililouzingira mji wa Konstantinia likiwa katika njaa. Akamwandikia Abu Bakr bin Hazm wa Madina akusanye Hadithi za Mtume (S.A.W.), kwa kukhofu ilimu isipotee kwa kufa wenyewe.

Mchana alifanya haya, na usiku, kama alivyosimulia Fatima, alikaa mahali pake pa kusalia akilia mpaka usingizi umshike. Wala twaona si ajabu, kwa mjukuu wa yule binti wa maziwa: amkumbukaye usiku Mola amwonaye, mchana hao jamaa zake wenye panga hawakumtisha.

Abdulmalik alikufa mbele ya babake. Umar naye akafa Rajab 101 (720) huko Dair Sam'an, umri wake haujavuka miaka 40 ila kidogo, na ukhalifa wake haukutimia miaka 3. Imepokewa kuwa mahali pa kaburi lake alipanunua kwa mali yake, kwa Mkristo mwenye ardhi hiyo, naye alipotaka kumpa bure, Umar hakukubali mpaka ameipokea thamani yake.