Mchungaji John Wesley Gilbert na njia ya Wembo Nyama

Tukitaja Wembo Nyama, jina la Askofu Walter Lambuth hutangulia, na ni haki yake. Lakini Lambuth hakufika peke yake. Alikuwa pamoja na mchungaji mweusi, John Wesley Gilbert.

Gilbert alizaliwa utumwani huko Georgia, Marekani, katika miaka ya 1860. Angeweza kuwachukia wazungu maisha yake yote. Alichagua kutumika pamoja nao. Alisoma Kigiriki hadi Athens kwenyewe, kisha akarudi Augusta kufundisha vijana weusi katika chuo cha Paine, kilichoanzishwa na Wametodisti weusi na weupe kwa pamoja.

Mwaka 1911 yeye na Lambuth walikuja Kongo. Kutoka Luebo walitembea kwa miguu siku zipatazo arobaini, wakisindikizwa na Wakristo wa misheni ya Wapresbiteri, na Februari 1912 chifu Wembo Nyama akawapokea vizuri. Gilbert alijua Kifaransa, msaada mkubwa katika nchi iliyotawaliwa na Wabelgiji.

Misheni ilifunguliwa mwaka 1914. Wamisionari waliotumwa wote walikuwa wazungu. Gilbert, aliyetamani sana kurudi kwetu, hakutumwa. Alifariki Augusta mwaka 1923.