Hubert Ogunde, mutu wa nyimbo na teatre

Safari hii tunawaletea maisha ya mutu wa Nigeria. Hakuwa rais wala jenerali, lakini wakubwa wa serikali walimuogopa sababu ya michezo yake.

Hubert Ogunde alizaliwa mwaka wa 1916 katika kijiji cha Ososa, karibu na muji wa Ijebu-Ode, inchi ya Wayoruba, magaribi ya Nigeria. Baba yake alikuwa wa kanisa la Baptist, lakini babu yake muzaa mama alikuwa kuhani wa Ifa, dini ya wazee. Kwa hiyo mutoto akasikia nyimbo za kanisa na ngoma za kijiji pamoja. Kisha masomo yake akafundisha shule, akapiga kinanda kanisani, halafu akaingia polisi.

Mwaka wa 1944 kanisa moja la Lagos lilitafuta feza za kujenga. Ogunde, angali polisi, akalitungia muchezo wa kuimba juu ya bustani ya Edeni. Watu walizoea korali kusimama tu na kuimba. Yeye akatia ngoma, kucheza na maneno ya kusema. Watu wakafurahi sana. Mwaka wa 1945 akaunda kundi lake, na nyuma akaacha mushahara wa polisi.

Lakini wasichana wa kucheza walikosa. Alipotangaza kwamba anawatafuta, wazazi walikataa, wakaona ile kazi ni ya haya. Ogunde akatangaza tena, mara hii anatafuta makarani wasichana. Wakaja! Akawafundisha teatre. Mumoja wao, Clementina, akawa muke wake.

Mwaka ule wa 1945 wafanyakazi wa Nigeria waligoma juu ya mishahara midogo. Ogunde akatunga Strike and Hunger, maana yake Mugomo na Njaa. Ndani yake mufalme mugeni anatesa watu. Kila mutu alielewa mufalme ni nani! Huko Jos, Waingereza wakaukataza.

Mwaka wa 1949 polisi walipiga risasi wachimbaji wa makaa karibu na Enugu. Watu 21 wakakufa. Enugu ni inchi ya Waigbo, mashariki. Ogunde alikuwa Muyoruba, angeweza kusema kwamba ile ni kilio cha wengine. Hapana. Akatunga muchezo juu yao, kundi lake likauchukua katika miji mbalimbali. Hivi watu wa kabila moja wakalilia wafu wa kabila lingine, wakaona kwamba wote ni watu wa inchi moja.

Uhuru ulikuja mwaka wa 1960. Tungefikiri taabu zake zimekwisha, lakini ya kuuma zaidi ilitoka nyumbani. Mwaka wa 1964 wakubwa wa Wayoruba walimuomba muchezo kwa sikukuu yao. Akaleta Yoruba Ronu, ni kusema Wayoruba, fikirini: mufalme anasalitiwa na musaidizi wake mwenyewe. Ile wakati Awolowo alikuwa gerezani, na Akintola, aliyekuwa musaidizi wake, ndiye alitawala jimbo la Magaribi. Akintola akakasirika, na serikali yake ikakataza kundi la Ogunde kucheza katika jimbo lile, ni kusema kwao kabisa. Ogunde hakuomba musamaha. Akatunga mwingine, jina lake Ukweli ni Muchungu. Katazo likaondolewa mwaka wa 1966 tu, chini ya serikali ya waaskari.

Mwaka wa 1970 Clementina alikufa katika ajali ya gari, kundi likisafiri kwenda kucheza. Ogunde akaendelea. Kisha akafanya sinema, na katika miaka ya 1980 serikali ikamupa kazi ya kuunda kundi la taifa, lenye ngoma za makabila mengi. Alikufa London tarehe 4 Aprili 1990.

Wanafunzi wenzetu, kusifu kabila yako mbele ya watu ni rahisi, makofi hayakosi. Ogunde alipenda Wayoruba kwa kuwaambia ukweli, na Waigbo kwa kulia nao. Ninyi mnaotayarisha teatre ya mwisho wa mwaka, tunawauliza: muchezo wenu utamwambia nani ukweli?